Ambrosi Lunyungu, Mtu Aliyeipinda Barabara

Tarehe 31 Desemba, 1958, saa tisa na nusu alasiri, Bwana Ambrosi Lunyungu, mnyapara mkuu wa kambi yetu ya barabara, atarudisha ghalani pima maji, kamba ya kupimia na filimbi, na kazi yake itakuwa imekwisha. Ametumika miaka thelathini na mitatu na miezi saba. Katika muda huo ameona mainjinia tisa wakija na kuondoka, na masika thelathini na matatu yakijaribu kuichukua barabara, wala hakuna aliyeweza kumsogeza mahali ambapo yeye mwenyewe hakutaka kusogea.

Nimeombwa niandike wasifu huu kwa sababu mimi ni karani wa kambi na nina mashine ya chapa. Naandika nikiwa na furaha iliyopita kiasi. Nimeoa majuma tisa tu yaliyopita, na mke wangu Severina ameketi hapa karibu, anasoma kila mstari unapotoka mashineni na kuniambia niongeze sifa. Wasomaji watusamehe. Mtu mwenye mapenzi moyoni hapimi sifa kwa kijiko, humimina sufuria nzima.

Bwana Ambrosi alizaliwa karibu na Tosamaganga, na katika misheni hiyo alijifunza kuchonga mawe na kujenga kwa bruda mmoja mzee, mtawa wa Kizungu. Bruda alipoagana naye, alimpa timazi: pande la risasi, dogo kama yai la njiwa, lililofungwa katika uzi, la kupimia kama kitu kimesimama wima. Timazi hiyo bado imo katika mfuko wa shati lake, upande wa moyo. Aliandikwa kazini mwezi Juni, 1925, awe mchukuzi wa maji ya vibarua, siku ambazo barabara yetu ilikuwa njia ya wapagazi na baiskeli mbili tatu. Mwaka 1931 akawa mnyapara wa kundi. Makaravati yake ya upande wa Mafinga, yale madaraja madogo ya kupitishia maji chini ya barabara, yaliyojengwa katika ukungu ambamo fundi hakuweza kuiona mikono yake, hayajavuja hata leo. Na jambo ambalo yeye mwenyewe halisemi, lakini mimi nimelikuta katika vitabu vya ofisi: tangu awe mnyapara, hakuna mtu wake hata mmoja aliyeuawa na baruti.

Timazi yake inajulikana kuliko jina lake. Ameitundika penye madirisha ya shule, penye mlango wa duka la Mzee Isihaka kule Chimala, na juzi juzi penye mlango wa nyumba yangu mpya, wakati wageni wa arusi wakisubiri chakula. Aliutazama uzi, akautazama mlango, akaagiza mlango ung'olewe na utiwe upya kabla bibi arusi hajapita. Tulikula saa kumi. Severina anasema ndiye mgeni pekee aliyeleta zawadi ya kudumu.

Sasa niseme habari ya desturi moja ya watu wa kundi lake, maana bila hiyo hakuna atakayeelewa yaliyotokea mwaka 1954. Sururu ikiisha kabisa, ikiwa imenolewa na kufuliwa hadi imebaki fupi kama kidole gumba, kundi la Ambrosi haliitupi wala haliipeleki kwa mhunzi. Wanaizika. Wanachimba shimo karibu na mahali ilipomaliza kazi, wanaiweka pamoja na tumbaku kidogo, wanafukia na kuendelea. Wanasema chuma kilichovunja mwamba kwa ajili yako hukiachi kitupwe kama ganda la ndizi. Tena huchagua mahali ambapo kundi lingine halitachimba: chini ya mti mkubwa, au chini ya jiwe.

Sasa nije kwenye mawe makubwa ya kusimamishwa, ambayo ndiyo yaliyoleta mambo ya mwaka 1954. Kwa wale ambao hawajapita huko, yako kumi na moja, juu ya tambarare ndogo mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Chimala, milima ikiwa nyuma na mbuga ya Usangu ikiwa chini. Yamepangwa kwa mstari uliopinda kama pembe za ng'ombe, mdomo ukitazama mbugani. Refu kuliko yote linafikia watu wawili, mmoja akisimama begani mwa mwenzake. Hayana maandishi wala picha. Mwamba wa aina yake haupo pale. Wa karibu uko ng'ambo ya mto, mwendo wa nusu siku, na anayesema yaliviringika yenyewe hajawahi kusukuma jiwe.

Nani aliyasimamisha, na kwa kazi gani? Wazee wa Kisangu wakiulizwa husema, tuliyakuta, na wale tuliowakuta nao waliyakuta. Mzee Isihaka, ambaye babu yake alifika na misafara kutoka pwani, anashikilia kwamba ni mahali pa wapagazi kuegemeza mizigo. Mwalimu mmoja wa Kilutheri alituhakikishia kuwa ni makaburi ya watemi. Vibarua wetu wa Kibena wana hadithi yao: ati ni msafara wa arusi uliokataa kumwamkia bibi kizee njiani, wote wakageuka mawe, na lile dogo la mwisho ndilo bibi arusi. Zamani niliicheka tu hadithi hiyo. Tangu nioe naikataa kabisa, na Severina amenisaidia kuikataa.

Bwana Ambrosi aliwasikiliza wote na kuwajibu wote kwa neno moja, kwamba inawezekana. Kila mwaka, kundi lake likipita karibu, aliacha njia, akapanda, akatundika timazi penye mawe tisa yaliyosimama, na kuyatazama yale mawili yaliyolala kama mtu anayetazama wagonjwa. Mimi nilikuja kazini mwaka 1953. Nilimwuliza anatafuta nini. Alisema hatafuti, anasalimia.

Barabara ya zamani ilipita chini, ukingoni mwa mbuga, na kila masika ililala majini. Ndipo ikaamriwa barabara mpya ipite juu. Mambo ya injinia, yaani vigingi vya kuonyesha njia, yalipigiliwa sawasawa kupita kati ya zile pembe za ng'ombe. Tena ilihesabiwa kwamba mawe yenyewe, yakipasuliwa kwa baruti, yatatoa kokoto ya kutosha maili nzima. Nafasi moja tu ilibaki. Mtaalamu mmoja wa mambo ya kale, mgeni kutoka ng'ambo, aliomba apewe majuma matatu ayachunguze kwanza. Akithibitisha kuwa yana thamani, yatalindwa. Akishindwa, yatapasuliwa.

Bwana Mtaalamu alifika na turubai mbili na mpishi wake. Alikuwa mtu mwenye bidii, hilo silikatai. Lakini siku ya tatu tu alikwisha kupata jibu, kabla hata ya kuchimba. Alitueleza kwamba mawe haya yalisimamishwa na watu waliotoka mbali, kuvuka bahari, wakitafuta dhahabu. Wenyeji, alisema, wasingeweza, kwa kuwa hawakuwa na hesabu wala kamba za kutosha. Aliyasema hayo mbele ya watu ishirini na wawili waliokuwa wameketi juu ya kamba walizozisokota wenyewe.

Katika juma la pili alichimba chini ya jiwe la nne na kupata chuma. Kilikuwa kipande kifupi, chenye kutu, kimelazwa kwa uangalifu katika shimo dogo. Alikifunga kwa pamba na kukiweka ndani ya mkebe wa biskuti, akatuita wote tukitazame kwa zamu. Aliamini kuwa ni sadaka ya wajenzi, ya miaka elfu mbili au zaidi. Angeandika kwa wakubwa siku ya Jumatatu, na mawe yasingeguswa tena milele.

Kambi ilishangilia. Saulo, mvunja mawe wetu na mcheshi wa kundi, alicheza mpaka kofia ikaanguka. Mawe yamepona. Zamu ya Bwana Ambrosi ilipofika, alitazama ndani ya mkebe kwa muda mrefu kuliko wengine wote, akaenda zake. Mama Evarista, mkewe, aliniambia baadaye kwamba siku mbili zile mumewe alikula nusu ya ugali, na kwamba yeye alijua pale pale kuna jambo, maana hata malaria haijawahi kumfanya Ambrosi aache ugali.

Jumatatu asubuhi, Bwana Mtaalamu akiwa mezani na kalamu yake, Bwana Ambrosi alikwenda kusimama mbele yake, kundi zima likiwa nyuma. Aliomba mkebe. Akaonyesha kwa kidole mikato mitatu midogo ya tupa karibu na tundu la mpini, alama ya kundi lake. Akaeleza kwamba hiyo ni sururu ya Yotamu, iliyoisha mwaka 1931, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeizika chini ya jiwe lile, pamoja na tumbaku. Yotamu, ambaye sasa ni mlinzi wa ghala, alisogea akachungulia, akasema kwa furaha ya kweli kwamba ndiyo, ndiyo yenyewe, na ilikuwa sururu nzuri sana.

Nataka msomaji aone vema jambo hili. Uongo ulikuwa umekwisha kuyaokoa mawe. Haukuwa hata uongo wake. Ulikuwa kosa la mtu mwingine, na yeye alitakiwa kunyamaza tu. Mtu aliyeyapenda mawe yale kuliko sisi sote ndiye aliyeivunja ngao yao kwa mkono wake.

Saulo hakuficha hasira yake. "Nyapara, ungezika na mdomo wako siku ile ile," alisema, na watu wengi walikubaliana naye.

Bwana Ambrosi alijibu kwamba jiwe likitegemezwa kwa uongo, siku moja atakuja mtu mwenye timazi.

Bwana Mtaalamu alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Alisema haidhuru, chuma kimekuwa si kitu, lakini neno lake la kwanza liko pale pale: watu wa nchi hii wasingeweza kulisimamisha hata moja. Hapo nilimwona Bwana Ambrosi akivua koti, akalikunja, akampa Mama Evarista. Akaomba, naye akapewa, ruhusa ya siku moja ya kulisimamisha moja, bila lori, bila mnyororo, bila chuma chochote cha kambi.

Kesho yake alichagua jiwe moja kati ya yale mawili yaliyolala. Watu ishirini na wawili, kamba za magome ya mti, magogo, na udongo. Walianza jua lilipochomoza. Kwanza walisafisha shimo lake la zamani, na humo, chini kabisa, wakakuta mawe madogo yamepangwa: bapa upande unaobeba uzito, ya mviringo upande wa pili, na vipande vyembamba vimeshindiliwa katikati. Bwana Ambrosi alishuka shimoni akayashika moja moja. Ndivyo yeye anavyopanga nguzo za madaraja, ndivyo alivyofundishwa na bruda, na bruda alidhani ni siri ya kwao. Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alituambia kwamba hajui jina la mtu huyu wala kabila lake, lakini wangekutana leo asubuhi wangeanza kazi bila kusalimiana.

Wakachimba mteremko wa kuingilia shimoni, wakaliinua jiwe kwa magogo kidogo kidogo, udongo ukishindiliwa chini yake kila lilipopanda upana wa kiganja. Saulo, aliyekuwa amenuna tangu jana yake, alianza kuimba wimbo wa kuvuta, akitia ndani majina ya wote waliokuwa wavivu. Mke wa kila mtu alikuwapo. Severina alikuwapo pia, alikuja na maji kutoka nyumbani kwa shangazi yake Chimala; siku hiyo ndiyo nilimwona kwa mara ya kwanza, ametia mkono kwenye kamba bila kuombwa, kilemba kimeanguka mabegani. Ningeweza kuandika ukurasa mzima juu ya kilemba hicho. Yeye amenikataza.

Saa kumi jioni jiwe liliteleza likaingia mahali pake, likatoa sauti ya kina, nchi ikatetemeka kidogo chini ya nyayo zetu. Bwana Ambrosi alitundika timazi, akangoja uzi utulie. Kisha akageuka na kusema kwamba liko sawa.

Bwana Mtaalamu aliondoka kabla ya juma la tatu kwisha. Aliandika kwamba hakupata kitu.

Basi ikaja zamu ya baruti. Bwana Injinia wa wakati ule, kijana mwenye haraka, alifika na masanduku mawili na kumwamuru mnyapara wake atoboe mashimo. Bwana Ambrosi alikataa. Sisi tuliokuwa karibu tulitazama chini, maana kukataa amri mbele ya watu, miaka ile, kulikuwa ni kufunga mizigo. Bwana Injinia hakupiga kelele. Alimwuliza swali ambalo kila mtu alikuwa ameuliza.

"Mawe haya yana kazi gani?"

"Sijui, Bwana," alisema Bwana Ambrosi. "Ndiyo sababu siyavunji. Ningejua kazi yake, ningeweza kukuambia kama imekwisha."

Nimesoma shule ya sekondari, nimesoma vitabu vingi kuliko anavyodhani Severina, na sijasoma jibu lililo bora kuliko hilo. Wapo wanaodhani kutojua ni aibu, na kwa hiyo huvunja wasichokijua, au hukipa baba wa kubuni kutoka ng'ambo ya bahari. Mnyapara wetu alisimama palepale katika kutojua kwake, miguu miwili, kama jiwe la kumi na mbili.

Bwana Injinia alikuwa na safari ya Iringa ya siku kumi na mbili. Alisema akirudi atakuta kimoja kati ya viwili kimeondoka, mawe au mnyapara. Akaliondoa lori.

Vumbi la lori lilikuwa halijatua bado. Bwana Ambrosi alikwenda kwenye mambo ya injinia, akang'oa la kwanza, akatembea nalo akizunguka mawe kwa mbali, akilichomeka na kulichomoa, akipiga jicho, akihesabu hatua. Aliwaambia watu wake kwamba barabara inaweza kupinda, jiwe haliwezi. Kazi ya kukata kona hiyo ni ya siku thelathini. Wao wana kumi na mbili. Asiyetaka asije, naye hatamwandika vibaya. Kisha akachukua sururu mwenyewe, kitu ambacho hakikuonekana tangu mwaka 1931.

Walikuja wote. Saulo alikuja wa kwanza, akimwambia kila mtu kwamba anamfuata nyapara ili tu amwone akichoka. Mama Evarista na wanawake wa kambi walihamisha majiko yao mpaka kazini, chakula kikaliwa kwa zamu, sururu zisilale. Mzee Isihaka alileta magunia mawili ya mchele akidai kwamba anapalinda mahali pa babu yake kuegemeza mzigo. Mwalimu wa Kilutheri akaleta wanafunzi wakubwa kwa ajili ya makaburi yake. Wazee wa Kisangu walituma vijana na ng'ombe wa kukokota mawe, hawakutoa sababu. Hakuna hata wawili waliokubaliana juu ya yale mawe, na wote walishika kamba moja. Mimi karani nilibeba udongo kwa karai, na malengelenge yale niliyaona kama nishani. Severina alikuwa akileta maji.

Siku ya kumi na mbili, Bwana Injinia alirudi. Gari lake lilifika mahali barabara ilipoanza kupinda, likapunguza mwendo, likazunguka, likatokea upande wa pili. Likageuka, likarudi. Likapita mara ya tatu. Ndipo akashuka na chombo chake, akapima mwinamo kwa saa nzima, peke yake, sisi tumesimama na majembe kama watu wanaongoja hukumu. Mwisho alisema kwamba upande wa nje uongezwe futi mbili, lori lenye mbao ndefu lisije likadondosha mzigo. Akaenda kunywa chai. Katika ramani yake mpya kona ile ilichorwa kama vile ilikuwa imekusudiwa tangu mwanzo.

Upande wa nje uliongezwa futi tatu. Moja ni ya ukaidi.

Hivyo ndivyo ilivyo mpaka leo. Kila anayesafiri kati ya Mbeya na Iringa, awe mkubwa au mdogo, Mzungu, Mhindi au Mwafrika, hufika pale akakunja usukani kwa heshima ya mawe ambayo hakuna ajuaye kazi yake. Madereva wanapaita Kona ya Ambrosi. Lori letu la arusi lilipopita pale, majuma tisa yaliyopita, bibi arusi aliangukia begani kwangu na hakuondoka mpaka Chimala. Kwa hiyo wataalamu wakija tena kuuliza juu ya kazi ya mawe yale, mimi nina jibu langu, nao waliandike.

Bwana Ambrosi anarudi Tosamaganga, kwenye shamba lake la mahindi na nyumba ambayo Mama Evarista anasema imenyooka kupita kiasi. Kwa desturi ya kundi, mtu akiacha kazi huzika mtaimbo wake mahali pa kazi aliyoipenda. Alasiri ya tarehe 31, baada ya filimbi kurudishwa ghalani, tutapanda lori wote kwenda kuuzika wake chini ya jiwe lile alilolisimamisha. Ila safari hii desturi imeongezwa kidogo. Jumapili iliyopita nilimkuta amekaa nje na patasi na nyundo ndogo, anachonga herufi katika chuma cha mtaimbo huo, ulimi umetoka kama mwanafunzi. Alinipa nimsahihishie tahajia, nami sikukuta kosa. Imeandikwa: AMBROSI LUNYUNGU NA WENZAKE. JIWE HILI TULILISIMAMISHA 1954. MENGINE HATUJUI.

Aliniambia anafanya hivyo ili atakayechimba baada ya miaka elfu mbili asipate taabu.

Mzee wetu, asante kwa madaraja yasiyovuja, kwa watu wote uliowarudisha nyumbani wazima, kwa mlango wetu ulionyooka, na kwa kona ile. Nenda kapumzike na Mama Evarista, mle mahindi yenu mabichi na ugali mzima, si nusu. Maisha yenu yawe mema na marefu, na kila njia mtakayoishika ijue pa kupinda.

Silvester Mtavangu, karani wa kambi,
pamoja na Severina